Mashine ya kufulia inapokufa, mzigo humwangukia nani?

Katika nyumba ya vyumba viwili hakuna kifaa kinachoharibika peke yake. Jiko likizimika, chakula huchelewa na watoto huchelewa kulala. Jokofu likinyamaza, matumizi ya sokoni hubadilika. Na mashine ya kufulia ikifa, huvurugika pamoja nayo mpango mzima wa maji, wa muda, wa usingizi na, kama tulivyojionea, hata wa afya ya mtu ambaye hajawahi kuigusa mashine hiyo. Jambo hili la mwisho ndilo lililotusukuma sisi, mume na mke, kuyaandika haya kwa pamoja, tukitaraji kwamba familia nyingine zinazoishi katika nafasi finyu kama yetu zitapata humo la kuzifaa, inshaallah.

Tunaishi Kariakoo, jijini Dar es Salaam, ghorofa ya tatu ya jengo lenye ghorofa nne. Tuko watu sita: sisi wawili, watoto watatu ambao mdogo wao angali katika nepi, na mama, ambaye ni mzazi wa mmoja wetu na mkwe wa mwingine. Mama alipatwa na kiharusi mwaka juzi. Alhamdulillahi, ulimi wake ni mzima na akili yake ni timamu. Lakini upande wake wa kushoto umedhoofu, na haja ndogo humtoka kabla hajawahi kuinuliwa kitandani. Nyumba yenye mtoto wa nepi upande mmoja na mzee mgonjwa upande wa pili ni nyumba ya kufua kila siku iendayo kwa Mungu.

Mashine yetu ilikuwa imetutumikia kwa miaka saba. Ilianza kwa kunguruma wakati wa kukamua, kisha ikawa inaacha alama ya maji yenye kutu sakafuni, na mwishowe, usiku mmoja umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo, taa zake hazikuwaka tena. Fundi aliyeifungua alituonyesha mambo mawili: beringi za ngoma zilikuwa zimekwisha kwa kuingiwa na maji, na sakiti ya kuendeshea mashine ilikuwa imeungua. Vipuri na ufundi vilifika shilingi 420,000, bila dhamana yoyote, kwa kuwa mhimili wa ngoma nao ulikwisha kuliwa na kutu. Mashine mpya ya ukubwa ule ule tuliikuta madukani kwa bei ya kati ya shilingi 900,000 na 1,200,000. Hatukuwa na fedha hizo.

Glasi iliyorudi imejaa

Kwa muda wa wiki tano nguo zilifuliwa kwa mikono. Mara mbili kwa wiki alikuja mama mmoja anayefua nguo za watu, na siku zilizobaki mke alifua bafuni, asubuhi kabla ya kwenda kazini na usiku baada ya Isha. Shuka zilianikwa juu ya paa, na mvua za masika zilipozidi zilining'inizwa ukumbini, zikikaa siku mbili bila kukauka.

Katika wiki ya tatu tuliona mabadiliko kwa mama. Chai ya asubuhi aliiacha nusu kikombe. Uji wa alasiri akasema umemkinai. Glasi ya maji aliyoletewa baada ya Adhuhuri ikawa inarudi jikoni imejaa. Tulidhani ni joto, au ni dawa zinamharibia ladha. Siku ya kliniki daktari akatuuliza juu ya rangi ya mkojo wake, akatueleza kwamba mzee hupungukiwa na hamu ya maji hata pale mwili wake unapoyahitaji, na kwamba kukosa maji humletea kuchanganyikiwa, kufunga choo na maambukizi ya njia ya mkojo. Tuliporudi nyumbani, mkwewe akamkalia karibu na kumuuliza: "Mama, mbona hunywi maji?"

Akakaa kimya kidogo, kisha akajibu: "Mwanangu, kila glasi ninayoinywa mimi, wewe ndiye unayeifua."

Tangu siku hiyo hatukuizungumza tena habari ya mashine kama habari ya starehe. Mzee wetu, ambaye hakuwahi kulalamika juu ya jambo lolote, alikuwa amejipunguzia maji ya kunywa ili aipunguze kazi ya mikono ya mwingine. Hivyo ndivyo mzigo unavyosafiri ndani ya nyumba ndogo. Hauangukii palipovunjika, hushuka chini, hatua kwa hatua, mpaka umfikie yule asiye na nguvu ya kumsukumia mwenzake.

Kupima kazi kabla ya kupima nafasi

Watu wengi wanapotaka kununua mashine huanza kwa kipimo cha futi. Sisi tulianza kwa daftari. Kwa siku saba tuliandika kila kilichofuliwa, uzito wake kwa mizani ya jikoni, maji yaliyotumika na jina la aliyefanya kazi. Tulipata kilo 35 za nguo kavu kwa wiki, na zaidi ya nusu yake zilikuwa shuka, mipira ya kulalia, nepi na nguo za kubadilisha za mama na mtoto. Kwa mikono, kila kilo tatu zilichukua mabeseni matatu ya lita 20, yaani lita 700 na ushei kwa wiki, na ndoo zote hizo zilibebwa. Ama jina la mfanya kazi, lilikuwa karibu lile lile katika kila mstari wa daftari.

Daftari hilo tulikwenda nalo mbele ya ndugu. Mama ana watoto watano, na tuliwaomba wote wakutane kwetu Jumapili moja. Hatukuwaita kwa ugomvi. Tuliwasomea tulichokiandika, tukawaeleza habari ya glasi ya maji. Ikumbukwe kwamba mama ni mzazi wa watoto wake kabla ya kuwa mkwe wa mtu. Kumhudumia ni wajibu wa wale aliowazaa. Mkwe anayemhudumia anafanya ihsani, na ihsani huombewa dua na kusaidiwa, haigeuzwi kuwa deni.

Ndugu yetu mmoja, kwa nia njema, akaikumbusha hadithi ya Bibi Fatima (RA), ambaye mawe ya kusagia yaliiathiri mikono yake, akaenda kwa baba yake, Mtume (SAW), kumuomba mtumishi. Naye Mtume, badala ya mtumishi, akamfundisha tasbihi, tahmidi na takbiri za wakati wa kulala. Je, si bora tusubiri?

Hadithi hiyo ni sahihi, imepokewa na Bukhari na Muslim, na nyuradi hizo ni hazina ambayo kila nyumba inaihitaji. Lakini tuliiangalia pamoja kwa utulivu, tukaona mambo matatu. Kwanza, Mtume (SAW) hakumkemea binti yake kwa kuomba. Pili, nyuradi hizo aliwafundisha wote wawili, mke na mume. Na katika riwaya iliyomo katika Musnad ya Imam Ahmad, Ali (RA) naye anaelezea kuchota maji mpaka kifua kikamuuma. Kazi ile haikuwa ya mmoja. Tatu, katika riwaya hiyo hiyo Mtume anawataja Ahlu-Suffa, masikini wa msikitini, waliokuwa na njaa. Haki yao ilikuwa kubwa zaidi ya haki ya familia yake. Basi aliyenyimwa alinyimwa kwa ajili ya mwenye dhiki zaidi. Katika nyumba yetu, mwenye dhiki zaidi alikuwa ni mama mwenyewe. Ndugu yetu akanyamaza, kisha akawa wa kwanza kutoa mchango.

Mkataba tulioukataa

Kabla ya kikao hicho tulikuwa tumekwenda katika duka moja linalouza vyombo kwa mkopo. Bei ya taslimu ilikuwa shilingi 950,000, na bei ya malipo ya miezi kumi ilikuwa shilingi 1,150,000. Wapo wanaodhani kuwa tofauti hiyo peke yake ni riba. Wanazuoni walio wengi wanaijuzisha biashara ya bei ya baadaye kuzidi bei ya taslimu, maadamu bei imekatwa mwanzoni na pande mbili zimeachana juu ya bei moja na muda unaojulikana. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 6 kilichofanyika Jeddah mwaka 1990, lilipitisha uamuzi wa namna hiyo. Lakini uamuzi huo huo unakataza kumtoza mnunuzi ziada pale anapochelewa kulipa, hata kama alikubali sharti hilo mwanzoni.

Tulipousoma mkataba mpaka ukurasa wa mwisho, kwa maandishi madogo tukakuta sharti hilo hasa: asilimia tano kwa kila mwezi wa kuchelewa. Tukaomba lifutwe. Muuzaji, kijana mwenye adabu, akatuambia kwamba hana mamlaka ya kulifuta. Tukamshukuru, tukaondoka. Tunalitaja hili kwa sababu familia nyingi huuliza "kwa mwezi ni shilingi ngapi?" na hawafiki ukurasa wa mwisho, ilhali swali la halali na haramu mara nyingi hukaa huko.

Fedha zilipatikana kwa njia ya watu. Wanawake kumi na wawili wa jengo letu wana upatu wa shilingi 60,000 kwa mwezi. Zamu yetu ilikuwa ya tisa; jirani mmoja ambaye zamu yake ilikuwa mwezi ule ule, aliposikia habari ya mama, akabadilishana nasi bila kuombwa mara mbili. Hizo zikawa shilingi 720,000. Ndugu wanne wakatoa shilingi 300,000 kwa jumla. Mashine tukaipata kwa shilingi 940,000, fundi bomba na vifaa vyake vikala 55,000, na 25,000 zilizobaki wakapewa wachukuzi walioipandisha ngazi. Hatukubakiwa na kitu, wala hatukudaiwa riba na yeyote.

Mashine ya aina gani?

Katika nyumba ndogo, mashine haichaguliwi dukani. Huchaguliwa nyumbani, kwa utepe wa kupimia, kabla ya kutoka. Mlango wa bafu letu una sentimita 58; mashine nyingi za mlango wa mbele zina upana wa sentimita 60. Kwa hiyo bafu lilijiondoa lenyewe. Jikoni, kati ya sinki na ukuta, palikuwa na sentimita 63. Tulipima pia kona ya ngazi na mlango wa kuingilia, kwani mashine ya mlango wa mbele ina uzito wa kilo 60 hadi 70. Ndani yake mna jiwe la zege la kuizuia isirukeruke inapokamua, na mzigo wa namna hiyo haugeuzwi kirahisi kwenye ngazi nyembamba.

Tulilinganisha aina tatu. Ya matangi mawili ni ya bei nafuu kuliko zote na inakubali kujazwa maji kwa ndoo, lakini inamtaka mtu asimame nayo, azihamishe nguo zikiwa zimelowa kutoka tangi la kufulia hadi la kukamulia. Kwetu hilo lingempunguzia mtu kazi na kumbakishia nusu yake. Ya kufungulia juu hujiendesha yenyewe, lakini hujaza tangi: kwa kilo saba hufika lita 100 na zaidi. Ya mlango wa mbele huzigeuza nguo katika maji machache, kiasi cha lita 50 hivi kwa mzunguko mmoja. Kwa kilo zetu 35, mizunguko mitano hutumia lita 250, nasi kwa mikono tulikuwa tunatumia zaidi ya 700. Imepokewa kwamba Mtume (SAW) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, yaani kibaba, na kuoga kwa pishi moja, ambayo ni takriban lita tatu. Umma wenye kigezo hicho haufai kuyahesabu maji kama kitu cha bure, hasa sisi ambao maji yetu hukaa katika tangi moja linalonywewa na jengo zima.

Tangi hilo lilituletea swali jingine. Mashine inayojiendesha inahitaji maji yenye msukumo. Kila mita 10 za kimo hutoa msukumo wa takriban baa moja. Tangi letu liko mita tano juu ya bomba la jikoni, kwa hiyo tunapata nusu baa tu. Mashine nyingi huandikwa kwenye kibao chake msukumo wa chini zinaouhitaji. Tulimtaka muuzaji atuonyeshe maandishi hayo, nasi tukachagua iliyoandikwa 0.05 MPa, ambayo ndiyo hiyo nusu baa. Anayeishi ghorofa ya juu kabisa, chini kidogo ya tangi, asipouliza hili anaweza kununua mashine nzuri isiyojaa maji.

Kuhusu umeme, mashine inapopasha maji huvuta wati 2,000 hivi, yaani karibu ampea tisa. Kwa hiyo ilichomekwa kwenye soketi ya ukutani yenye waya wa ardhi, wala si kwenye waya wa kuunganishia unaotambaa sakafuni penye maji, na mbele yake tukaweka kilinda umeme ili radhi ya umeme unaorudi kwa kishindo isiiunguze sakiti mara ya pili. Maji ya moto tunayatumia kwa shuka za mgonjwa peke yake. Nguo nyingine hutakata kwa maji baridi na luku hupumua.

Tohara haiachiwi mashine

Mwenyezi Mungu katika Surat al-Muddaththir, aya ya 4, anamuamrisha Mtume wake kuzitoharisha nguo zake. Usafi na tohara ni ndugu, lakini si kitu kimoja. Nguo inaweza kunukia sabuni nayo ina najisi, kama ambavyo inaweza kuwa na vumbi nayo ni tohara.

Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani hii tunayafuata, maji yaliyo pungufu ya qullatayn, kiasi ambacho wengi wa zama hizi hukikadiria kuwa lita 200 hivi, hunajisika kwa kuingiwa na najisi hata kama hayakubadilika rangi. Maji ya mashine ni machache kuliko hayo. Kwa hiyo utaratibu wetu ni huu: shuka yenye mkojo au nepi yenye uchafu haiingii katika mashine kama ilivyo. Kwanza huondolewa uchafu wenyewe, kisha humiminiwa maji ya bomba juu yake mpaka rangi na harufu viondoke, ikakamuliwa. Hapo nguo huingia katika mashine ikiwa imekwisha kutoharika, na mashine inabaki na kazi ya kuitakasa kwa sabuni. Hivyo nguo za swala na nguo za mgonjwa zinaweza kupita katika ngoma moja bila ya wasiwasi. Mwenye hali iliyo tofauti na yetu amuulize shekhe wa msikiti wake. Swali la tohara halina aibu.

Jirani wa chini na mama mfua nguo

Sakafu yetu ni dari ya mtu mwingine. Jibril (AS) alimuusia Mtume (SAW) juu ya jirani mpaka Mtume akadhani kwamba jirani atafanywa mrithi. Kabla mashine haijapandishwa, mume alishuka kwa jirani wa chini, mzee anayelala mapema baada ya Isha, akamuuliza ni saa zipi zisizomuudhi. Tukakubaliana: baada ya saa moja asubuhi, na mwisho ni Magharibi. Siku ya kuifunga tulihakikisha fundi amezitoa boliti nne za kusafirishia zilizo nyuma ya mashine, kwani zikiachwa mashine hutetemesha jengo na kujivunja yenyewe, kisha akaisawazisha miguu yake kwa pimamaji. Na bomba linaloingiza maji hufungwa kila baada ya kufua, maana mpira ukipasuka tukiwa kazini, maji yatamwagika kitandani kwa mzee wa watu.

Lipo pia suala la mashine iliyokufa. Fundi alitushauri aipake rangi, aitie beringi za bei rahisi na sakiti iliyotumika, kisha aiuze kwa shilingi 250,000, faida tugawane. Tukamkumbusha hadithi ya Mtume (SAW) aliyetia mkono ndani ya rundo la chakula sokoni akakuta unyevu uliofichwa chini, na onyo alilolitoa kwa mwenye kughushi. Mashine ile ingekwenda katika nyumba nyingine ndogo, penye mama mwingine na shuka nyingine, na mzigo wetu tungekuwa tumeuhamishia huko. Fundi akakubali kuinunua kama vipuri, kwa shilingi 45,000, akijua kizima ni mota, pampu na mlango.

Na yupo mama mfua nguo, ambaye tunamwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. Yeye hujipatia riziki kwa mikono, na ujio wa mashine kwake ni habari ya kupoteza siku moja ya kazi kati ya mbili. Tulimwambia mapema, kabla ya kununua, ili asije akafika mlangoni akaondoka mikono mitupu. Siku ya Jumamosi amebaki nayo, kwa mablanketi, mapazia na kupiga pasi, na jirani wa ghorofa ya nne amemchukua siku ya Jumanne, ingawa kwa malipo madogo kuliko yetu. Hatudai kwamba amefidiwa kikamilifu. Tunasema tu kwamba kipato chake kilikuwa sehemu ya hesabu, na kila familia inayonunua mashine ina mtu wa namna hiyo katika hesabu zake, hata kama haikumuandika.

Kazi inayobaki

Mwanahistoria wa Marekani, Ruth Schwartz Cowan, katika kitabu chake cha mwaka 1983 kiitwacho More Work for Mother, alieleza jinsi vyombo vya nyumbani vilivyoingia katika nyumba za nchi yake bila kumpumzisha mama kama ilivyotarajiwa: kazi zilizokuwa zikigawanywa na wengine zikamrudia yeye peke yake, na watu wakaanza kutaka nguo safi mara nyingi zaidi. Jambo hilo halihitaji kwenda Marekani kulishuhudia. Mashine husugua, husuuza na kukamua. Haikusanyi nguo, haizitenganishi, haiondoi najisi, haianiki, haianui, haikunji wala haipigi pasi.

Kwa hiyo siku mashine ilipofungwa tulilifungua tena daftari, tukaandika kazi zinazobaki na majina mapya. Kuziondolea najisi shuka za usiku ni kazi ya mwana wa mama, kabla ya Alfajiri. Kazi hiyo haimpunguzii mwanamume hadhi. Bibi Aisha (RA) alipoulizwa Mtume (SAW) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na wakati wa swala ulipofika hutoka kwenda kuswali. Kupandisha beseni juu ya paa na kuanika ni zamu ya mtoto mkubwa na baba yake. Kuiendesha mashine ni kwa yeyote aliyepo. Mama naye aliomba asiachwe nje ya daftari. Akapewa leso na vitambaa vidogo, avikunje kwa mkono wake wa kulia. Anavikunja taratibu, kimoja kimoja, na pembeni yake huwekwa glasi ya maji. Siku hizi hurudi tupu.

Ndugu zetu katika imani, vyombo vya nyumbani ni neema, na neema ina hesabu yake Siku ya Kiyama. Mtakapofikwa na haja ya kubadilisha mashine, jokofu au jiko, msianze na nafasi wala bei. Anzeni na kazi: ni kiasi gani, ni ya nani, na itabaki ya nani baada ya kununua. Someni mkataba mpaka mwisho. Shukeni kwa jirani. Na kabla ya yote waulizeni walio kimya katika nyumba zenu, wazee na wagonjwa, ni kitu gani wamekiacha ili wasiwe mzigo. Mtu anayewapenda hatawaambia mpaka mumuulize.

Tunamuomba Allah (SW) awahurumie wazazi wetu kama walivyotulea tungali wadogo, azibariki riziki zetu za halali, na azijaalie nyumba zetu ndogo kuwa pana kwa rehema zake. Amiin.